Mzee, Gari Inagonga

Hapa Kiboriloni unaweza kudaiwa na kikundi cha kuweka na kukopa tangu Pasaka na watu wakakusalimia vizuri tu. Lakini pitisha gari linalogonga mguu wa mbele uone. Utasimamishwa na mtaa mzima. "Mzee, gari inagonga!" Asante. Mimi ndiye ninayekaa juu ya hicho kinachogonga, nimekisikia kabla yenu.

Na hawaishii kukupa taarifa, wanakupa na ugonjwa. Kijana wa bodaboda pale njia panda anasema ni shokapu. Mama anayeuza ndizi, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anasema ni boli jointi, tena anatikisa kichwa kwa huzuni. Jirani yangu mwenye Noah anasema maunti za injini. Shemeji yangu, aliyeshuka basi la kutoka Dar kuja kutusalimia wikiendi moja na hadi leo bado anatusalimia, anasema niuze. Ukiomba kuazimwa elfu kumi hapa utazunguka mpaka viatu viishe soli, ila utabibu wa magari unagawiwa bure, na kila tabibu anakuandikia kile kile alichobadilisha yeye mara ya mwisho.

Gari lenyewe ni IST. Lilitoka Japani likiwa limeshavuka miaka kumi, nikalilipia ushuru wa uchakavu. Ushuru huo huwa unaniuma kwa namna yake. Wanakutoza kwa sababu gari ni zee, sawa, sikatai, lakini ukishalipa hakuna karatasi inayokueleza ni kitu gani hasa kilichochakaa. Wangeniandikia humo, "bushi za mikono ya mbele", ningelipa huku nacheka. Sisi tukipokea gari tunatazama rangi, tunatazama redio, tunanunua kava za siti. Raba iliyoko chini, yenye umri ule ule wa gari, hakuna anayeijulia hali.

Kwa wale ambao magari yao hayajaanza kusema, nieleze kidogo. Kila gurudumu la mbele la IST linashikwa chini na mkono wa chuma, ambao mafundi wetu wanauita wishiboni. Upande wa nje mkono huo unashika boli jointi, upande wa ndani unafungwa kwenye fremu kwa bushi mbili. Na bushi ni kitu cha kudharauliwa kabisa ukikiona kaunta: bomba la chuma ndani ya bomba la chuma, katikati raba iliyogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Hakuna kinachozunguka humo. Gurudumu likipanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga kidogo kisha ikarudi. Ya nyuma, ile kubwa, ndiyo inayomeza kishindo ukikanyaga breki au ukitumbukia shimoni. Raba ikikatika, mkono unabaki unacheza, chuma kinakutana na chuma, na mama wa ndizi anapata la kusema.

Sasa chukua raba hiyo uilete Kiboriloni. Ukielekea Himo kwenye lami, kuna matuta, na kabla ya matuta kuna vile vituta vidogo vinavyokuja kwa makundi kukutangazia kwamba wakubwa wao wako mbele. Ukigeuka kupanda Kikarara, Tsuduni mpaka Kidia, kuna makorongo ya mvua za masika ambayo kila mwaka yanahama mahali ili usiyazoee. Wengi wanadhani kupanda ndiko kunakoua gari. Kupanda kunaua injini na subira. Kinachoua bushi ni kushuka, uzito wote umelala mbele, mguu uko kwenye breki tangu Kidia hadi unaona maduka. Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga, ikafika huku mwaka 1911, na ilipoutazama mlima ikaamua kwamba tambarare inatosha. Mji ukaota hapo hapo chini, na jina la Moshi likashuka likaacha Old Moshi kule juu. Hakuna aliyejaribu kuipandisha reli ile Kidia. Ninayepandisha ni mimi, kwa IST, nikiwa na mikungu ya ndizi na shemeji.

Fundi wa kwanza alikuwa na njia yake ya uchunguzi. Anakaa kiti cha abiria, anashusha kioo, anatoa kichwa nje. "Endesha, mzee." Unaendesha. Anafumba macho. "Rudi." Unarudi. "Shokapu." Hajainama, hajashika spana, shati bado ni jeupe.

Tukanunua shokapu, akafunga. Gari likagonga. Akasema basi hizo ni linki za stabilaiza. Tukanunua linki, akafunga. Gari likagonga, safari hii kwa sauti safi zaidi, maana kelele nyingine zote nilikuwa nimeshazilipia zikaondoka. Nilipomweleza alinijibu kwa upole mkubwa: "Spea mpya hizo, mzee. Zinajizoeza."

Nikamwambia, fundi, nisikilize mimi basi kwa kuwa gari umeshalisikiliza. Linagonga nikikanyaga breki. Linagonga nikitoa gia D kupeleka R, hata likiwa limesimama pale pale. Shokapu itajuaje kama nimebadilisha gia? Nikimaliza kushuka mlima usukani unavuta kushoto kila ninapofunga breki. Nikampeleka kwenye tairi la kushoto: upande wa ndani limeliwa mpaka nyuzi zinachungulia, upande wa nje bado lina vinyweleo vya kiwandani. Akalitazama kwa muda mrefu. "Hiyo ni alaimenti," akasema.

Alaimenti ikafanywa. Sina ugomvi na alaimenti, ni kitu kizuri, lakini ifanyiwe gari lenye bushi. Mashine inapima pembe za magurudumu gari likiwa limetulia, na bushi iliyokatika nayo imetulia, imejikalia pale inapoipenda. Unatoka na karatasi yenye namba za kijani. Ukifika tuta la kwanza, mkono unaserereka, namba za kijani unaziacha kwa mwenye mashine, na fedha pia.

Haya yote, tafadhali, yanatokea Novemba inayoyoma. Mtu asiyetoka huku hawezi kuelewa maana yake. Desemba Wachaga wa Dar wanarudi nyumbani, kilometa zaidi ya 500, na kila mmoja anafika na gari lenye ugonjwa wake wa njiani. Gereji zinajaa magari makubwa yenye vioo vyeusi. Fundi ambaye mwezi wa saba alikuwa anakupigia simu kukuuliza hali ya gari, sasa hapokei. Na huku kwangu orodha ya safari imeshapangwa bila mimi kuulizwa: shangazi wa kupelekwa Kidia, mbuzi wa kufuatwa Uchira, kreti za soda, ubatizo. Mama watoto akaniambia, "Baba, hilo gari likikatikia mlimani na shangazi ndani, mimi sitakuwepo kwenye kikao."

Yeye ndiye aliyeleta habari za binti mmoja aliyesomea ufundi VETA, anafanya kazi kwenye gereji ndogo upande wa kwenda mjini. Shemeji akacheka. Nikaenda hasa kwa sababu shemeji alicheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari inagonga."

"Inagonga wakati gani?"

Muda wote huu kata nzima ilikuwa inanieleza kinachogonga, na hakuna aliyeuliza kinagonga wakati gani. Nikamweleza: breki, gia, kushuka, usukani, tairi. Hakunikatisha. Akaniambia nikae ndani, nikanyage breki, nipeleke D, nirudishe R, tena, tena, yeye amechuchumaa pembeni anatazama gurudumu. Halafu akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akaweka stendi chini ya gari. Stendi za chuma, si matofali. Nimeona gereji ambazo gari linakaa juu ya tofali la kuchoma na fundi analala chini yake anaimba.

Akatikisa gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Boli jointi nzima, tairodi nzima. Pole mama wa ndizi. Kisha akachukua mtaimbo, akaupenyeza kati ya mkono na fremu, akausukuma.

"Mzee, njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuuzia maneno."

Nikainama, na kuinama kwangu siku hizi ni shughuli. Mkono ulikuwa unakwenda na kurudi, nafasi ya kuingiza kidole. Raba imechanika duara nzima, chuma cha ndani kinacheza peke yake. Akanionyesha na ile ndogo ya mbele: hiyo ilikuwa na mipasuko juu juu tu, ukiisukuma inakubali kidogo na kurudi. Akasema hiyo peke yake isingemtisha, raba nyingi zina makunyanzi na bado zinafanya kazi, ila kwa kuwa mkono utatoka, ni heri zibadilishwe zote, kushoto na kulia. Hapo sikubisha. Nilikuwa nimeshalipia vitu vizima vingi mno, nisingeshindwa kulipia kilichokufa.

Nikaenda mjini kwenye maduka ya spea.

"Mangi, nipe bushi za IST, mkono wa chini, ndogo na kubwa."

"Orijino au kawaida?"

"Orijino."

"Orijino ya Japani au orijino ya Mchina?"

"Zina tofauti gani?"

"Ya Japani ni orijino kweli."

Akaweka mezani maboksi yenye maandishi yanayofanana, bei zikipishana kuliko mshahara wa mkuu na wa mfagiaji. Nilipokuwa nageuza geuza, akaniegemea kwa siri: "Au chukua mkono mzima, yuzidi, na bushi zake humo humo. Umetoka Japani." Nikamuuliza umetoka lini. Akasema umetoka kwenye IST. Yaani raba yenye umri wa raba yangu, ninunue nikavue raba yangu niivalishe hiyo! Raba inazeeka hata ikiwa imelala stoo, mangi. Kule Japani haikukutana na korongo la Tsuduni, nakubali, lakini miaka ni ile ile.

Jirani wa Noah alikuwa na dawa nyingine. Nipeleke kwa fundi chuma, anichongee bushi za tairi kuukuu, au za ile plastiki ngumu nyeupe. "Hizo hazifi," alisema. Kweli hazifi, zinaua vingine. Bushi ya kiwandani raba yake imeshikana na chuma na inajinyonga. Ya kuchongwa haijashikana na chochote, inasuguana tu, na ya plastiki kila kishindo inakikabidhi kwenye bodi kama ilivyokipokea. Nimeshapanda Noah yake. Ukikaa kiti cha nyuma unahesabu kokoto za barabara kwa makalio.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mpira si mgeni nchi hii. Wajerumani waliupanda Muheza na kwingineko, wakautegemea, mpaka bei ya dunia ilipowaangukia mwaka 1913. Baadaye Arusha hapo tukawa na General Tyre yetu, tukifunga matairi yaliyotengenezwa nyumbani. Leo nimesimama kaunta, mtu mzima, nanusa raba ili nijue ilipotoka.

Nilinunua ya Japani. Ya orijino kweli. Bei sitaitaja kwa kuwa gazeti hili linasomwa nyumbani kwangu.

Kutoa mkono kulichukua asubuhi yote. Bolti mbili zilitoka kwa adabu, ya tatu ilikuwa imeoana na kutu. Binti akaipulizia mafuta ya kulainisha, akaiacha, akaenda kunywa chai. Hapo ndipo watu walipoanza kujikusanya. Sijui harufu gani inawaita. Bodaboda alikuja, jirani wa Noah alikuja, shemeji alishafika zamani na kiti amepata. Mmoja akashauri moto. Binti akasema moto utaipika boli jointi iliyo nzima. Mwingine akashauri nyundo. Binti akarudi, akavalisha spana bomba refu, akaegemea taratibu, bolti ikalia, ikakubali.

Bushi kuukuu hakuichoma moto wala kuigonga. Alichora kwanza alama kwenye mkono kwa patasi, kwa sababu bushi ile kubwa ina matundu ndani ya raba, na matundu yale lazima yatazame upande wake. Ukiyageuza, inakuwa ngumu panapotakiwa ulaini na laini panapotakiwa ugumu. Kisha akapeleka mikono kwenye presi, ya zamani ikasukumwa ikatoka, mpya ikasukumwa ikaingia kwa alama. Shemeji aliinuka kwenda kumletea grisi ili iteleze. Akarudishwa nayo. Mafuta na grisi vinaila raba. Aliipaka maji ya sabuni.

Sasa mikono ikarudi kwenye gari, bolti zikaingia, binti akazikaza kwa mkono tu, zikashika, akaweka spana chini na kuanza kushusha jeki. Hapo mtaa ukalipuka.

"Fundi! Hujakaza!"

"Binti kasahau kukaza!"

"Mzee, usiingie humo! Nilikwambia!" Huyo wa mwisho ni shemeji, ambaye hakuwa ameniambia chochote zaidi ya kuuza.

Binti akafunga gurudumu, akashusha gari mpaka likakaa kwa magurudumu yake, akawaomba hao hao waliokuwa wanapiga kelele walisukume polepole mpaka juu ya shimo. Wakalisukuma, maana mtu hawezi kulalamika na kukataa kusukuma kwa wakati mmoja. Akamwomba shemeji alibonyeze gari upande wa mbele, aliachie, alibonyeze, aliachie, likae sawa. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya tangu ashuke basi. Ndipo binti akaingia shimoni na kukaza kila bolti mpaka mwisho.

Alitueleza akiwa huko huko chini, tunaona mikono tu. Gurudumu likining'inia, mkono umeinamia chini. Ukikaza bolti hapo, raba inashikwa katika mkao huo, na huo ndio unakuwa usingizi wake. Ukishusha gari, mkono unapanda, raba inajinyonga, na itabaki imejinyonga usiku na mchana hata gari likiwa limelala chini ya mparachichi. Kisha unaongeza makorongo juu ya hapo. Haifiki mbali. Mtu anasema bushi zilikuwa feki, kumbe zilinyongwa na spana siku ya kwanza. Jirani wa Noah alitazama Noah yake kwa mbali na hakutoa ushauri tena siku hiyo.

Baada ya hapo nikarudi alaimenti, nikalipa tena, maana mikono ikitoka na kurudi, pembe zinahama. Yule mwenye mashine alinipokea kwa furaha ya mtu aliyeona mteja wa kudumu. Tairi la kushoto lilibaki vile vile limeliwa. Bushi hairudishi kilichokwisha kuliwa, kwa hiyo hapo pia mfuko ukatoka.

Nikalipandisha Kidia, nikalishusha. Nikafunga breki kwenye kona zote zile ambazo lilikuwa linanigombeza. Kimya, usukani umenyooka. Nikapita njia panda polepole, kioo nimeshusha, nikatazama kijiwe chote cha bodaboda. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Mama wa ndizi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kwa miezi walinisimamisha kunieleza kwamba linagonga, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutamka, "Mzee, gari imetulia." Ukipona hapa hupati pole wala pongezi, unaonekana tu huna habari.

Bushi kuukuu nilizichukua, nimezifunga kwenye gazeti, nia yangu nimpelekee fundi wa kwanza azifumbie macho na hizo. Jioni nikawa naoga. Nikasikia jirani wa Noah anapiga hodi, anauliza kama zile bushi natupa, kwa sababu anaona zile ndogo bado zina raba, na fundi chuma wake anaweza kuzijazia. Nikataka kujibu, sabuni ikaniingia mdomoni. Shemeji alikuwa ameshatoka na gazeti kibarazani.

"Hizi si za kutupa, kaka," nikamsikia. "Elfu kumi na tano zote nne. Hizi zimetoka Japani."